Kengele ya Mkubwa Chini ya Mguu wa Nyambura

Nyeri,
Alhamisi jioni

Dada yangu Mghoi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Haya yasifike kwa mtu yeyote, hata kwa shemeji. Mama akitaka kusomewa, msomee salamu tu, useme karatasi imeishia hapo.

Je, goti la mama limepata nafuu? Watoto wanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haijanizoea, na usingizi umenipungua.

Unajua bado niko kwenye majaribio hapa katika nyumba ya walemavu ambako mimi ni karani. Wageni fulani walituachia mashine ya michezo ya televisheni. Unashika kijiti, ukikisukuma kushoto au kulia, gari dogo kwenye kioo linakwepa mengine. Lakini wengi hapa vidole vyao havishiki. Nyambura, msichana wa rika langu aliyepooza mikono tangu utotoni, alikuwa akikaa pale akitazama wafanyakazi wakicheza.

Nikakifungua kijiti kile bila ruhusa. Ndani mna vibati vinavyogusana tu, kama swichi. Niliazima chuma cha kulehemu kwa fundi wa redio, jirani yangu huku mtaa wa Skuta, nikaunga nyaya kutoka kwenye vibati hadi kwenye vitufe viwili vya kengele. Kimoja nilikitoa kwenye mlango usiotumika. Cha pili, dada, nilikitoa mezani kwa msimamizi, kile anachobonyeza kuniita. Sikupata kingine chepesi.

Kisha nikakosea. Nilivifunga karibu na kiwiko cha kulia cha Nyambura bila kumwuliza. Siku tatu gari liligonga tu. Mwishowe nikamwuliza nguvu zake ziko wapi.

"Mguu wa kushoto."

"Mbona hukusema?"

"Ati nikanyage zawadi ya wageni? Kwetu wangesema sina adabu."

"Kitufe hiki si cha wageni. Ni kengele ya mkubwa."

Akacheka mpaka machozi. "Basi weka hapo chini, karani. Hiyo nitakanyaga vizuri."

Vidole vya mguu vinapeleka gari kushoto, kisigino kulia. Jana alinishinda mara nne, akaniambia nirudi kwa taipureta yangu.

Lakini msimamizi aliniuliza, "Karani, hii kengele imekufa? Nitakuwa nikikupigia mbinja kama mbuzi?" Nikajibu huenda waya umekatika. Nilimdanganya. Leo ametangaza kwamba wageni wale wanarudi Jumamosi kuona mashine yao. Nikamwambia Nyambura kwamba nitarudisha kila kitu mahali pake kabla ya hapo. Hakubisha. Alisema tu, "Nikikaa bure, wataangalia mimi. Nikicheza, wataangalia gari."

Vitufe sitavitoa. Kesho asubuhi nitaingia ofisini nimweleze msimamizi mwenyewe, kabla hajaviona mbele ya watu. Maneno nimeyaandika mara tatu na kuyachana. Akinifukuza, karo ya mdogo wetu sijui itatoka wapi, na hilo ndilo linalonitetemesha.

Msalimie mama, shangazi aliyenifungia blanketi, na mwalimu aliyenisomesha hesabu.

Usiandike tena kwa anwani ya ofisi. Juu ya bahasha weka jina la Fundi Muriuki, mtengeneza redio, Skuta, na jina langu liwe ndani tu. Nitapita kwake kila jioni kuuliza. Nikiwa nimefukuzwa, yeye atajua nimelala wapi. Usipande basi kuja mpaka upate mwandiko wangu.

Mdogo wako,
Mwakio