Mwalimu Aliyeahidiwa Mara Mbili

Jumanne. Ukungu tangu asubuhi, kahawa haikauki, na mimi roho haijatulia.

Jumapili mama alinituma ng'ambo ya mto, nimpelekee shangazi maharage. Nafika, nakuta wanaume wanavuta kamba chini, wanapima. Kamba ya mafundo, ina kitambaa chekundu kwenye ncha. Nikaijua. Ni ile ya karani wa baraza la chifu, aliyopimia shule tunayoijenga sisi.

Mmoja akaniona nimesimama. "We kijana, umekuja kutuibia shule?"

Wakacheka wote. Mimi nikaangalia miguu yangu.

Shangazi ndiye aliyenieleza. Baraza limewaahidi mwalimu. Wao wajenge, mshahara wake utatoka kwenye kodi. Maneno yale yale tuliyoambiwa sisi. Halafu akaniuliza, "Na nyie huko mnajenga nini, mwanangu? Tunasikia mashoka tu."

Nikasema ghala la mahindi.

Sijui kwa nini nilidanganya. Shangazi alinilea miaka miwili mama alipougua.

Nadhani ni sababu ya Lidia, mdogo wangu. Ana miaka minane. Shule ya misheni ni mbali, na mvua zikianza mto haupitiki. Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili kwa sababu ya mto huo. Mama ameshasema, shule isipojengwa hapa kijijini, Lidia atabaki shambani.

Zamani tulijua anayeamua ni Bwana Shauri, mzungu mkubwa wa wilaya, yuko Mbeya, humfikii. Sasa sehemu ya kodi inabaki hapa hapa, chifu na baraza lake wanapanga wenyewe shule iende wapi. Nilifurahi sana niliposikia. Nikasema chifu ni mtu wetu, hatatuficha kitu.

Jana nikamweleza baba mdogo niliyoyaona. Hakushtuka hata kidogo.

"Nyamaza," akasema. "Mwalimu ni mmoja. Watakaomaliza kwanza darasa na nyumba yake ndio watakaompata. Unataka wa ng'ambo waongeze mwendo?"

Kumbe alijua. Na jumbe, mkuu wa kijiji chetu, anajua, ndiyo maana kila siku anatuongezea miti ya kukata. Sasa kila mzee ninayempita njiani namtazama, najiuliza na huyu je?

Leo karani amekuja na baiskeli, kamba mabegani, kupima nyumba ya mwalimu. Watu wote tulikuwepo. Sijawahi kusema kitu mbele ya watu, hata kanisani siombi kwa sauti. Lakini mdomo ukafunguka.

"Bwana karani, huyo mwalimu anaitwa nani?"

Karani akamgeukia jumbe. Halafu jumbe akasema, "Mwenzetu anatafuta shemeji!" Watu wakacheka mpaka wengine wakaweka miti chini. Karani naye akacheka. Akakunja kamba yake, akapanda baiskeli, akaenda.

Jina hakulitaja.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama usoni. Mtu anayelijua jina angelisema tu, halina uzito. Na ninajiuliza, tukimaliza wote siku moja, sisi na wa ng'ambo? Baraza litakuwa na madarasa mawili na nyumba mbili, na mwalimu yule yule mmoja. Kama yupo.

Jumamosi baraza linakaa. Nikienda peke yangu watanicheka tena. Tukienda wa pande zote mbili, na wanawake, na watoto wenyewe wanaotaka kusoma, itabidi mtu atujibu mwalimu ni nani na atalala nyumba ipi. Labda hata tutaomba darasa moja, na daraja.

Lakini kwanza shangazi ajue kwamba lile siyo ghala. Baba mdogo akisikia, sitakula tena nyumbani kwake. Na huenda nikamkosesha Lidia shule kwa mdomo wangu huu.

Kesho asubuhi, kabla hawajaniita kwenye miti, navuka mto.