Walivyoimwaga Bahari Yangu

Jumapili, Julai. Baridi na ukungu.

Mlima umejifunika tangu Alhamisi na mimi naona heri. Leo sitaki kutazamwa na kitu chochote.

Niko peke yangu kwenye chumba cha kompyuta cha shule ninakofundisha biolojia. Mlinzi amenifungulia akidhani nasahihisha mitihani. Nyumbani kwangu, Rau, kuna sherehe. Mume wangu Deo amepandishwa cheo. Mbuzi amechinjwa, pombe ya mbege imeshushwa kutoka Uru, na mama mkwe anatandika vitambaa vyangu vya meza. Nilipotoka nilisema naenda kutafuta ndimu.

Uongo.

Niandike tangu mwanzo, maana nikilimeza na hili nitaugua.

Mimi ni mtoto wa Uru. Nimekulia kwenye migomba na kahawa, na miaka yote nimefundisha habari za bahari kwa kutumia picha ya kitabuni. Mwaka juzi tulipeleka wanafunzi Tanga, nikaona tumbawe hai kwa mara ya kwanza. Nilirudi na ugonjwa. Nikataka bahari, hata kama ni ndogo, hata kama ni ya kukaa mezani.

Deo alicheka. "Sisi watu wa mlimani, Mama Neema, chumvi tunaijua kwenye nyama."

Nikafanya mwenyewe. Fundi vioo wa mjini aliniungia tangi. Rafiki yangu wa chuo, Mwanaidi, anayefundisha Tanga, alinijazia madumu ya maji ya bahari, na kondakta wa basi akawa anayashusha stendi huku ananisonya. Pampu na taa zilitoka Nairobi. Aliyenivushia ni shangazi yangu wa Tarakea, aliyekuwa akifanya biashara ya vyombo mpakani. Mawe ya baharini, yenye vijidudu vyake ndani, yalikaa kwenye maji wiki baada ya wiki bila samaki hata mmoja, mpaka maji yakomae. Wageni waliniuliza kwa nini nafuga mawe.

Halafu ukaja mgawo wa umeme. Pampu ikizimika, nilikaa na kikombe nikichota maji na kuyamimina, nachota na kumimina, ili hewa iingie. Maji yakipungua niliongeza ya mvua. Ya bomba kamwe, kwa sababu dawa iliyomo inaua.

Ndipo nikaweka matumbawe, vipande vidogo vilivyovunjwa na nanga ambavyo Mwanaidi alinitafutia. Halafu kamba mmoja mwenye mistari, halafu samaki wawili wa rangi ya chungwa. Neema, binti yetu, akirudi likizo kutoka bweni alikaa mbele ya kile kioo mpaka chai yake inapoa.

Siku tumbawe la kwanza lilipokunjua vidole vyake, nililia. Deo alikuwa anaangalia mpira.

Tangi lilipoanza kupendeza, lugha yake ikabadilika. Lilikuwa "tangi la mke wangu", likawa "tangi letu". Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia mgeni, "Kazi hii inataka uvumilivu, nimehangaika nayo sana." Niliendelea kumenya ndizi. Nilidhani ni majivuno ya wanaume tu, yatapita.

Mwezi huu shangazi yule wa Tarakea alifariki. Nilipanda kwenda kumzika, nikabaki mpaka matanga yakaisha. Niliporudi nyumbani nilikuta meza tupu na zulia limelowa. Uani maji yalikuwa yamemwagwa kwenye bustani, na mchicha wangu wote umelala kama uliomwagiwa maji ya moto.

"Nimempelekea bosi," Deo alisema. "Anafungua hoteli ya wapanda mlima. Ameliweka mapokezi. Yaani amefurahi!"

"Na maji?"

"Maji si yapo kila mahali? Wamejaza hukohuko."

"Hukuniuliza, Deo."

"Mama Neema, ni samaki."

Sikulala naye chumba kimoja siku zile. Hakuonekana kugundua.

Alhamisi alikuja amekunja uso. Maji yamekuwa kama maziwa, bosi analalamika. Niende nikatengeneze. Halafu, akiwa amenipa mgongo, anatafuta funguo ambazo zilikuwa mkononi mwake: "Ila usiongee sana pale. Nimewaambia nililitengeneza mimi."

Nilienda. Kwa ajili ya samaki, sio kwa ajili yake. Nilichukua dumu la mwisho la maji ya Tanga lililobaki stoo.

Mapokezi yalinuka yai viza. Walikuwa wamejaza maji ya bomba, wakatia chumvi ya jikoni. Matumbawe yalikuwa yameyeyuka, yakabaki mifupa meupe yenye utelezi. Kamba sikumwona. Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu chini ya jiwe. Mwenzake alikuwa juu, mdomo nje ya maji, akivuta hewa.

Bosi alitoka ofisini akitabasamu, mtu mkarimu kabisa. "Karibu, shemeji! Mumeo fundi kweli. Ametuambia wewe ndiye unamsaidiaga kuosha vioo."

Nilimtazama Deo. Nilimpa muda. Wallahi, hata mimi Mkatoliki naapa hivyo, nilimpa muda wa kutosha. Angesema tu, "Hapana, bosi, ni kazi yake," ningemsamehe palepale, na matumbawe yale yote yaliyokufa ningeyasamehe.

Alitazama viatu vyake.

"Kuosha vioo naweza, bosi," nikasema. "Kufufua siwezi. Muulize fundi."

Nikamchota yule samaki kwa kikombe, nikamtia kwenye dumu, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia bosi akicheka, "Mae! Shemeji mkali huyu." Na Deo akacheka naye. Kicheko kile ninakijua, ni cha mtu anayelinda kibarua.

Samaki nilimkuta amekufa jana asubuhi kwenye beseni. Nilimfukia chini ya mgomba, kwa hasira zaidi ya huzuni.

Mchana Deo akaingia na barua ya cheo. Hawakumlaumu kwa lolote. Tangi limesafishwa, wametia perege wa bwawani, na wageni wanapigia picha. Alinishika bega akasema, "Unaona? Yameisha vizuri."

Mama mkwe aliposikia kisa chote alinionea huruma, nadhani. Alisema, "Mwanangu, mwanaume akipanda, mke naye kapanda." Halafu akaniuliza kama nyama inatosha.

Nimefikiri sana kinachoniuma ni nini hasa. Samaki hufa. Umeme peke yake ungeweza kuwamaliza wakati wowote, nilijua hilo tangu mwanzo. Na cheo sikionei wivu. Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka kumi na minne nimelala karibu na mtu aliyeniona nikichota na kumimina, usiku umeme ukiwa umekatika, na alichokumbuka kuwaambia watu ni kuosha vioo.

Je, na Neema anaona hivyo? Akiulizwa shuleni mama yake anafanya nini nyumbani, anajibu nini?

Mwanaidi amenitumia ujumbe: yuko tayari kujaza madumu mengine, nimwambie tu lini. Sijamjibu. Sina nguvu ya kuanza tena, na sitaki kujidanganya hapa kwamba nitakuwa nayo kesho.

Simu inaita. Ni mama mkwe kwa mara nyingine. Wageni watakuwa wameshafika, mtu anatakiwa kukata nyama na kugawa, na mke wa mwenye cheo anatakiwa kusimama kando yake wakati wa hotuba akitabasamu.

Naifunga kompyuta hii. Magari ya Uru bado yapo, na kwa mama yangu siku zote kuna kitawa cha ndizi na kitanda. Nitalala huko leo, na wiki nzima nitakuja kufundisha nikitokea huko, nikiteremka asubuhi na kupanda jioni. Sijamwambia mtu.

Deo akitaka kujua niliko, na aniulize. Itakuwa mara yake ya kwanza.