Jina Ulilolitaja Dirishani

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ndivyo ulivyonilea. Siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia, hata leo ninapokuja kwako nina kinyongo.

Tangu tumalize arobaini yako, nyumba imekuwa ya Baba na redio yake. Anakula kidogo. Chai anainywa baridi, kwa kuwa anasahau kwamba ameshawekewa. Nimerudi kukaa naye hapa Tongoni, na wajukuu zako wameniganda niwaandikie ukoo wetu, nani kamzaa nani, kabla wazee waliobaki hawajaisha. Nikaona nianze na mimi mwenyewe, maana cheti changu cha kuzaliwa hakikuwahi kuonekana humu ndani. Shuleni niliandikishwa kwa mdomo tu, Zainabu Athumani, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Nikaenda Tanga mjini, ofisi ya usajili. Binti wa pale akafungua kitabu cha zamani, akatafuta, akanigeuzia nisome. Jina langu lipo. Lako lipo. Penye jina la baba pameandikwa Rajabu.

Rajabu peke yake, bila jina la pili. Mama, mimi simjui Rajabu yeyote. Nilirudi nyumbani nikamkuta Baba anakata kucha barazani, nikakaa kuvitazama vidole vyake na vyangu. Niliwaza mambo ambayo mtoto hapaswi kumuwazia mamaake, tena udongo wa kaburi lako haujakauka. Nilikukasirikia, Mama. Na maiti hagombezwi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyetoa taarifa ulikuwa wewe. Wameandika pale mwishoni, mama mzazi, na dole gumba lako limegongwa pembeni kwa wino. Angekuwa jirani au mkunga, ningesema kakosea. Lakini mama anakoseaje jina la baba wa mwanawe?

Baba sikuthubutu kumuuliza. Nikashuka Pangani, nikavuka kwa kivuko hadi Bweni, kwa dada yake, Shangazi Mwanajuma. Nikamsomea nakala. Unajua alichofanya? Alicheka.

"Wifi yangu huyu, jina la mumewe alitamke wapi? Huyu hata kumwita kula alikuwa akigonga kijiko kwenye sahani."

Akanieleza kama aliyekuwapo, kwa jinsi alivyokujua. Baba alikuwa kazini kwenye mkonge, kule Pongwe, ukaenda kuniandikisha peke yako. Karani akauliza dirishani, jina la baba? Wewe ukajibu kwa adabu zako, ukamtaja mumeo kwa jina la mtoto: Baba Rajabu. Karani akaandika Rajabu. Kusoma hukujua, ukagonga dole gumba, ukarudi nyumbani.

Nami nikacheka. Nilikumbuka siku ile hospitali, nesi alipokuuliza mumeo anaitwa nani, ukanifinya mkono na kuniambia, "Mwambie." Nikadhani umechoka. Wewe kumbe hata kwenye kitanda kile ulikuwa unamstahi.

Halafu nikauliza, basi kwa nini Baba Rajabu, si Baba Zainabu? Shangazi akaacha kucheka. Akajifunga kanga yake upya, bila haja yoyote.

"Kakaako huyo. Wa mwanzo. Kaondoka hata kutambaa hajaanza."

Homa, alisema. Hakuwahi kuandikishwa popote. Mlipotoka kumzika ukawakataza watu wote wasikuite tena Mama Rajabu, na wakakutii. Ukarudi kuitwa jina lako la usichana mpaka nilipozaliwa mimi. Kijiji kizima ulikifunga mdomo, halafu mimi nikiwa mgongoni mwako, mtu asiyekujua akakuuliza, na wewe mwenyewe ukalisema.

Mbona hukuniambia? Nimekua nikiwatambia wadogo zangu kwamba mimi ndiye kifungua mimba wako, na wewe unanisikia, unapeta mchele wako kimya. Ningekuwa wewe nisingeweza.

Ofisini wanasema jina linarekebishika, ila Baba aape na kutia sahihi. Ikabidi nimwonyeshe. Alivaa miwani, akasoma, akaweka kidole pale palipo jina na hakukiondoa. Akaniuliza neno moja tu.

"Kalitamka mwenyewe?"

Nikasema ndiyo. Akasema alidhani umeshasahau. Kumbe miaka yote alinyamaza ili asikutoneshe, nawe ulinyamaza kwa ajili yake. Nililia pale pale mbele yake, na yeye hakunizuia.

Sahihi hajatia. Anasema jina la mwanawe halijaandikwa mahali pengine popote, na nikilirekebisha ndio tutakuwa tumemfuta. Kwa hiyo kwa karatasi mimi ni mtoto wa kakaangu. Nami sina raha. Nikiliacha, iko siku mjukuu wangu atafungua kitabu kile na kukuwazia nilivyokuwazia mimi. Nikimshurutisha Baba, namnyang'anya kitu alichokipata juzi tu. Kila nikimpelekea chai naitazama ile karatasi ya kiapo chini ya redio, na hakuna kati yetu anayeigusa.

Nakuahidi hili, Mama. Sitamharakisha. Atie sahihi asitie, kwenye ukoo ninaowaandikia watoto, Rajabu Athumani atatangulia, juu yangu, na chini yake nitaeleza jinsi ulivyokuja kulitaja jina lake, ili asitokee wa kukudhania vibaya. Baba anakumbuka mlipomlaza. Ijumaa atanipeleka nikampalilie, na nitalisema jina lake kwa sauti.

Ulikataza watu kukuita hivi, na mimi sikuwapo nikasikia katazo lako. Unisamehe. Mungu akulaze pema, Mama Rajabu.

Mwanao wa pili,
Zainabu