Unyayo Chini ya Kapu

Iyunga, Mbeya
9 Januari 1956

Kwako Asukile, mjukuu wangu, mume wangu mwenye kichwa kigumu,

Ugonile? Umelala salama huko Iringa? Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Baba yako mdogo Jailos anakusalimu. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Umenitia aibu. Mwezi mzima nimetembea kichwa juu, nawaambia watu wa kanisani dereva wangu anakuja Krismasi. Lori likaja, likapiga honi mpaka mbuzi wa jirani yetu Yudith wakakata kamba. Watu wakatoka kuangalia. Mlango ukafunguliwa, nikaona nini? Nyayo tupu! Nyeusi kwa grisi, kama za mtu aliyetoka kukanyaga udongo wa matofali. Yudith akaniuliza kwa sauti ya kufika barabarani, "Mama Jailos, na hilo lori ameazima?"

Babu yako alivaa viatu siku ya kubatizwa, akavaa na siku ya kuzikwa. Mimi nimesoma darasa moja tu la misheni, lakini najua dereva ni mtu wa viatu. Jibu upesi. Miguu yako ina nini?

Bibi yako,
Lea


Iringa
2 Februari 1956

Kwako bibi, mke wangu mkali,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, baridi tu ya asubuhi.

Bibi, viatu ninavyo, vya kanisani. Kwenye lori sivivai kwa sababu ya kazi. Nakueleza kama alivyonieleza mzee Makame, dereva aliyenifundisha. Chini ya usukani kuna pedali tatu: kushoto klachi, katikati breki, kulia mafuta. Mtu ana miguu miwili. Sasa, mteremko wa Kitonga, huku umebeba magunia, breki peke yake haitoshi. Inapata moto na kulegea. Lazima urudi gia ndogo ili injini yenyewe ilishike lori. Na gia ndogo haikubali kuingia mpaka uipigishe injini kelele kwanza, kwa kukanyaga mafuta. Ukiuondoa mguu kwenye breki uupeleke kwenye mafuta, lori linakimbia. Kwa hiyo mguu wa kulia unafanya kazi ya miguu miwili: vidole vinabaki kwenye breki, kisigino kinageuka kidogo kinagusa mafuta, vuu! na gia inaingia kama kijiko kwenye uji.

Bila kiatu nasikia kila kitu kwa ngozi. Nafanya hivyo hata hapa tambarare, nikiingia sokoni, ili mguu usisahau. Lori letu breki yake ya mkono ilikufa kabla sijaajiriwa. Kila nikimwambia tajiri, Bwana Bushiri, ananijibu, "Mwezi ujao, kijana." Kwa hiyo breki yangu ni huo mguu, bibi. Usinikasirikie.

Mjukuu wako,
Asukile


Iyunga
26 Februari 1956

Asukile,

Ugonile? Nimepata barua yako, Jailos amenisaidia maneno magumu. Goti bado.

Umenieleza habari ya kisigino kama mtu anayemdanganya mtoto ili alale. Mguu mmoja kazi mbili! Mbuzi ana minne na hafanyi maajabu hayo. Wazungu wanaendesha na buti, Wahindi wanaendesha na makubazi, wewe tu ndiye Mungu amekuumbia pedali za kuchezea kwa vidole?

Sasa pokea mzigo huu kwa dereva wa basi. Ni buti, mpya, ngozi nene, kisigino kina chuma. Utauliza kipimo nimepata wapi. Siku ile unaondoka ulikanyaga tope hapa mlangoni, chini ya upenu. Unyayo wa kushoto kuku wakaukanyagakanyaga, lakini wa kulia ulibaki mzima na vidole vyote vitano. Nikaufunika kwa kapu. Nikakata kijiti urefu wake, nikaenda nacho mjini kwa goti hili bovu, nikamwambia mwenye duka: ongeza kidogo, mjukuu wangu ni mtu mkubwa.

Utazivaa kazini, si kanisani tu. Ukizikataa nitanung'unika moyoni, na wewe ni mtoto wa kwetu, unajua bibi akinung'unika mjukuu anashikwa na baridi ya ugonjwa.

Bibi yako,
Lea


Iringa
18 Machi 1956

Kwako bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi si mzima sana. Tangu barua yako nasikia baridi mgongoni, hata nikikaa jikoni kwa watu.

Buti nimepata, asante. Ni nzuri, Makame mwenyewe amezishika akazigeuzageuza. Nimezijaribu uwanjani. Bibi, soli ni pana. Vidole vikikaa kwenye breki, kisigino hakijui mafuta yako wapi. Mara kinakanyaga hewa, mara kinakanyaga mno. Gia imelia mpaka watu wakatoka madukani. Makame akasema, "Zitundike ukutani uzitazame, lakini Kitonga usishuke nazo."

Nisipozivaa naogopa manung'uniko yako. Nikizivaa naogopa mteremko. Basi nakuomba, chukua maji mdomoni, sema hasira yako yote, uyateme chini ili baridi initoke, kama ulivyomtemea baba mdogo alipougua. Mchungaji hatajua. Halafu niandikie neno moja tu: vua. Wiki ya Pasaka tunashusha mahindi kwenda Morogoro. Dereva wa basi anakuja huko na kurudi, mpe jibu.

Mjukuu wako,
Asukile


Iyunga
12 Aprili 1956

Asukile, mume wangu,

Ugonile? Pasaka ilikuwaje huko? Hapa mvua nyingi, mahindi yamelala shambani.

Barua yako niliipata mapema. Sikujibu makusudi. Nilitaka uone uzito wangu kwanza, maana siku hizi vijana mnataka bibi ajibu haraka kama tarishi.

Jana lori la mbao kutoka Mafinga lilisimama hapa kuomba maji ya injini. Nikamwuliza dereva, wewe unakanyaga vipi? Akacheka, akanyanyua mguu akanionyesha kisigino. Kigumu kama gome la mti, na hana kiatu. Akasema, "Bibi, hii ndiyo inayonirudisha kwa watoto." Nikampa maji na ndizi.

Leo asubuhi, kabla sijala kitu, nimechukua maji mdomoni. Nimesema yote, na ya Yudith nimesema. Nimetema. Baridi itakutoka. Vua, endesha na nyayo zako. Buti utazivaa ukishafika mlangoni kwangu, nikutoe nje watu waone.

Bibi yako,
Lea


Iringa, hospitali
6 Mei 1956

Kwako bibi,

Shikamoo. Makame ananiandikia, mimi nasema tu.

Barua yako ilinikuta nimelala hapa. Jibu halikuja kabla ya safari, kwa hiyo nilizivaa. Mwanzo wa mteremko nilikwenda vizuri. Kwenye kona ya chini breki ikaanza kunuka, nikataka gia ndogo. Ikakataa. Nikajaribu tena, buti likalala juu ya pedali zote mbili pamoja. Lori likapata nguvu. Nikaona heri ukuta wa mlima kuliko korongo, nikaligeuzia upande wangu wa kulia.

Mguu wa kulia wamekata, chini ya goti. Buti la kushoto ni zima, Makame analo. Bwana Bushiri ameshapata dereva mwingine.

Baridi imenitoka kweli, bibi, siku ileile uliyotema. Lakini Iyunga sitakuja. Siwezi kushuka mbele ya Yudith. Usinifuate na goti lako.

Mjukuu wako,
Asukile


Iyunga
14 Novemba 1956

Asukile, mume wangu,

Ugonile? Goti langu ni lilelile. Jailos anakusalimu. Mahindi yalikuwa machache.

Hujajibu, na hii si barua ya kwanza. Dereva wa basi ameniapia kwamba alikupa zile nyingine mkononi, ukazitia mfukoni bila kufungua, ukaendelea kushona viraka vya magunia pale sokoni. Sijanung'unika. Naandika wazi ili usisikie baridi: sijanung'unika hata kidogo. Nachukua maji mdomoni na kuyatema kila asubuhi, Yudith anafikiri nina ugonjwa wa meno.

Yudith hatakuuliza kitu ukija. Nimeshamwambia mimi mwenyewe nani alinunua buti.

Mvua zimeanza jana. Mchirizi wa paa umehama, sasa unaangukia pale mlangoni. Watu wa nyumbani wanataka kufagia, nimewafukuza. Mguu wako wa kulia bado uko, na vidole vyote. Kapu nimeliwekea jiwe juu.

Bibi yako,
Lea