Kicheko Kwenye Kaseti ya Silas

Aline, mjukuu wangu,

Hapa Giheke tuko wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na ng'ombe ameanza kutoa maziwa. Unaniuliza ufanyeje na wivu, kwa kuwa filamu ya mwenzako imechaguliwa na yako imeachwa. Umemuuliza asiyefaa. Wangu haujapona.

Tuliporudi kutoka Bukavu, vita vikiwa bado ng'ambo, upande wa Kongo, nilijitegemea kwa kutengeneza video za harusi mjini Kamembe. Silas, mpiga video mwenzangu pale mjini, naye alikuwa na kamera yake. Mimi nilirekodi maharusi, keki na wakubwa wa meza ya mbele. Yeye alizungukia jikoni, akirekodi wapishi na wazee waliokaa nyuma. Nilimcheka: "Ndugu, unaharibu kaseti bure!"

Lakini watu walipokaa kutazama kaseti zake, walipiga kelele: "Rudisha! Ule ni maman yangu!" Wengi hawakuwa na picha nyingine ya watu wao waliopotea. Kazi zote zikahamia kwake, nami nikamchukia hata salamu ikanishinda.

Koko wako, mke wangu, alipofariki, nilimtafuta kwenye kaseti zangu zote. Hayumo. Kila harusi tulikwenda pamoja, naye akaingia jikoni kusaidia. Nikaenda kubisha hodi kwa Silas. Alinipa kaseti. Yumo, amebeba sufuria ya wali, anacheka.

Naitazama kila Jumapili. Na wivu bado ninao, Aline, maana anamchekea Silas.

Babu yako