Nimeharibu michoro ya binti yangu, naye anadhani ni homa

Mpendwa mshauri, kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi nimeshaitikia, naomba msaada wako maana nina jambo limenikaa kooni leo siku ya nne, chakula hakipiti, na mtu wa kumwambia sina, kwa sababu mtu ninayemwambia mambo yangu yote ni binti yangu, na yeye ndiye niliyemkosea.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu cha kushonea mbele ya nyumba, shule niliishia njiani lakini mkono wangu unajulikana, muulize yeyote, sketi niliyoishona mimi hufuliwa mpaka rangi inachoka na pindo bado lipo, ndiyo maana wananiita Mama Pindo. Huyo binti ni mtoto wangu wa pekee, na sisemi kwa sababu nimemzaa, ila yule mtoto Mungu alipomuumba hakuwa na haraka. Ana akili, ana adabu, ana mkono. Tangu mdogo alikuwa akichukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa anachora watu sakafuni, nami nikipiga deki nawazunguka nisiwafute. Sasa ana miaka ishirini na sita na anafanya kazi ambayo mwanzoni sikuielewa, lakini nilianza kuisifia siku ile ile: anachora watu wa kwenye masomo ya mtandaoni. Yaani mtu yuko kwake na simu yake anajifunza jambo, na badala ya kusoma maneno matupu anaona kijitu kimechorwa kinamwonyesha, fanya hivi, usifanye hivi. Vijitu hivyo havichukuliwi dukani, kila mteja anachorewa vya kwake, kama nguo ya kupimwa.

Safari hii alipata mteja wa maana, mama mmoja aliyekuwa muuguzi miaka mingi, sasa anaandaa kozi ya kuwafundisha watu kumtunza nyumbani mgonjwa asiyeweza kuamka kitandani, jinsi ya kumgeuza, kumketisha na kumwinua bila kumwumiza wala kujiumiza. Binti yangu alifanya kazi ile wiki tatu kwenye meza yangu ya kukatia, karatasi ishirini na nne, kwa kalamu nyeusi, ili mteja azione na kuzikubali kabla hazijatiwa rangi kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nimeshautangazia mtaa mzima. Nilisema binti yangu anafundisha manesi. Si kweli sana, lakini si uongo sana.

Basi jirani yangu msusi, ambaye saluni yake na kibanda changu vinagawana ukuta, alikuja kuazima mkasi, akaziona zile karatasi, akainua moja akaigeuza juu chini.

"Mama Pindo, ndiyo hii sanaa uliyotusumbua nayo?"

"Ndiyo hiyo. Inakwenda kwenye kozi."

"Kichwa duara, macho nukta mbili, mikono kama utepe. Pua iko wapi, shoga?"

"Inakuja," nikasema.

"Haya. Maana hata wangu wa chekechea huwa anakumbuka pua."

Akaondoka na mkasi wangu na heshima yangu. Jioni nikamwuliza binti, akacheka, akaniambia, "Mama, nikimtia pua anakuwa mtu fulani. Nikimwacha hivi, kila anayejifunza atamwona mama yake pale kitandani." Nikasema sawa, mwanangu, lakini moyoni sikuridhika, kwa sababu mimi nguo haitoki kibandani kwangu mpaka uzi wa mwisho ukatwe.

Siku ya kutuma kazi mtoto akashikwa na homa, homa ya kweli, anatetemeka ndani ya mablanketi mawili. Kamera ya simu yake imekufa, huwa tunatumia yangu. Akaniambia, "Mama, zipige picha moja moja, zitume zote kabla ya saa nne, namba ya mteja hii hapa. Nakutegemea." Akalala. Nami nikakaa mezani na zile karatasi, na kalamu yake iko pale pale, na mshauri, nilisema nitatia pua moja tu.

Nilitia pua zote. Pua ikaomba masikio, masikio yakaomba hereni, vidole nikavitimiza vitano vitano kila mkono, kope nikazipinda, na yule mgonjwa nikamwonea huruma, amelala pale hana hata furaha, nikamchekesha, nikampa meno. Halafu nikafika kwenye karatasi ambayo yule anayemwinua mgonjwa ameinama, mgongo umepinda kama ndoano, nikasema maskini, hapa ndipo homa ilipoanza, mkono wa mtoto umeteleza. Na mimi mstari uliopinda siwezi kuuacha, ni ugonjwa wangu wa kazi, ndiyo inayonilisha. Nikaupaka ule wino mweupe wa kufutia, nikauchora mgongo upya, umenyooka kama rula, na karatasi nyingine mbili za namna hiyo nazo nikazinyoosha. Nikapiga picha, nikatuma, saa nne kasoro dakika tano, nikaona nimemsaidia mwanangu.

Siku ya pili mteja akampigia binti yangu, yupo bado kitandani, nikasikia upande mmoja tu. "Meno? Hapana, mgonjwa hacheki... Ya kosa nimechora, tena tatu... Hereni zipi?" Kumbe ile migongo iliyopinda ilikuwa makusudi! Ndiyo picha za kuonyesha usimwinue mgonjwa hivi, na alama za ndiyo na hapana zilikuwa ziwekwe baadaye kwenye kompyuta. Sasa mteja anasema la kufanya na la kutofanya yamefanana, watu wenyewe wanatisha, si wale waliokubaliana, na kama kazi yote haijarudiwa mpaka mwisho wa mwezi atatafuta mchoraji mwingine.

Binti akaweka simu chini, akanitazama.

"Mama, wewe ndiye uliyezipiga picha. Nilichora mgongo uliopinda au sikuchora?"

"Sikuangalia vizuri, mwanangu."

"Au homa ilinipanda kichwani nikachora vitu nisivyovijua?"

Na mimi, mama mzima, nimeshika kikombe chake cha chai, nikasema, "Pengine."

Mshauri, tangu siku ile hajagusa kalamu. Homa imekwisha lakini anasema mtu asiyekumbuka alichokichora hafai kuaminiwa na masomo ya wagonjwa, na jana nimemkuta anaandika barua ya kuomba kazi kwenye duka la kutoa kopi. Karatasi ameziulizia mara mbili, nikasema nitazitafuta, kumbe nimezifunga kwa utepe na kuzificha chini ya vitambaa vya wateja. Nimefikiria kuzichoma, aanze upya, yapite. Kisha nafikiria nimwambie, lakini nianzie wapi, maana mtoto huyu hajawahi kunidanganya, na aliyemfundisha kutodanganya ni mimi. Nishike lipi? Na kusema ukweli wa Mungu, zile pua zilikuwa zimekaa vizuri.

Ni mimi mama yake,
Mama Pindo

MSHAURI ANAJIBU

Mama Pindo, marahaba au shikamoo, tutajuana. Barua yako niliipitisha mbele ya foleni na jibu hili nilikutumia kwenye simu siku ile ile nilipoipata. Hapa nalichapisha kwa ajili ya wazazi wengine wenye mikono isiyotulia, nao ni wengi.

Kwanza, kiberiti kiweke mbali. Hizo karatasi zina kazi bado.

Pili, pua. Sikucheki, ila kidogo. Unadhani binti yako alisahau pua? Mtu anajifunza kumwinua mama yake kutoka kitandani, ameshika simu ndogo kwa mkono mmoja, ana wasiwasi. Jicho lake linatakiwa liende kwenye magoti na mgongo, mara moja, bila kupotea njia. Ukimtilia hereni na kope, linasimama hapo hapo. Wewe mwenyewe ungeletewa sare ya muuguzi uishone, ungeipamba lesi kifuani? Ungeikata safi, ukaikabidhi, na anayesema haina urembo ungemwonyesha mlango. Kumchora mtu kwa mistari michache na bado akaonekana anainua kitu kizito, huo ndio ufundi. Msusi hakuuona kwa sababu si kazi yake. Wewe ulielezwa na mwenye kazi, kwa lugha nyepesi kabisa, ukasema sawa.

Lakini pua ni kichekesho tu. Mgongo si kichekesho. Picha ile ingepita bila mteja kuishtukia, mtu angejifunza vibaya na kuumia kiuno akimwinua baba yake. Mteja yule ana macho, mshukuru.

Sasa tuje kwenye neno ulilolisema ukiwa na kikombe mkononi. Kwa pua ulikuwa mama mwenye kiherehere, na hilo husamehewa kabla ya chakula cha mchana. Kwa "pengine" ulimwacha mtoto mwenye akili timamu aitilie shaka akili yake, ili wewe usione haya. Hapo umekosa, mama, tena umekosa sana, na unajua, ndiyo maana chakula hakipiti. Kila siku unayonyamaza anazidi kuamini kwamba mkono wake haufai. Barua ya duka la kopi hakuiandika yeye peke yake, mmeiandika wawili.

Hata hivyo usikate tamaa, kwa sababu bado sijaona kilichopotea. Mteja aliyechoka hapigi simu, hutafuta mwingine kimyakimya. Huyu amepiga, amelalamika hereni kwa hereni, meno kwa meno, na ametoa muda. Maana yake anawakumbuka vizuri watu wale wa mwanzo na anawataka warudi. Na michoro yenyewe haijafa. Chukua zile karatasi tatu, zigeuze, zibandike kwenye kioo cha dirisha wakati wa jua. Chini ya ule wino mweupe utauona mstari wa binti yako, umepinda vile vile alivyoupinda. Hakuna maneno yako wala yangu yatakayomtibu kama kuuona mstari wake mwenyewe. Akiweka karatasi safi juu yake ataunakili upya, na zile nyingine vilevile, akiziacha pua na meno yako, kwa siku mbili tatu, bila kuanza kutoka mwanzo.

Basi fanya hivi. Mpelekee furushi zima, utepe na yote, uliweke mbele yake, useme: "Ulichora sawasawa. Mimi ndiye niliyebadilisha, na ulipouliza nilikudanganya." Hapo nyamaza. Msusi usimtaje, homa usiitaje, kwamba ulikuwa unasaidia usiseme. Na tafadhali usilie kwa sauti, kwa sababu ukilia ataacha hasira yake aanze kukubembeleza wewe, na hasira ile ni haki yake. Akitoka nje, asifuatwe. Akikaa siku mbili hazungumzi, mpikie, umwekee, uondoke.

Mteja usimpigie kwa kujiamulia. Umeshamalizia kazi ya mtu mara moja bila kuombwa, inatosha. Mwulize binti yako kama anataka uongee naye. Akikubali, utamwambia muuguzi yule kosa ni lako, umtajie jina lako na ulichokifanya, bila kuzunguka. Akikataa, basi ataongea mwenyewe, ni mteja wake. Na kama atahitaji mtu wa kuinama na kuinuka huku yeye anatazama mgongo unavyokwenda, ukiitwa, nenda ukainame. Kalamu usiishike.

Kujisifu usiache, nakuomba. Mtaa usiokuwa na mama wa kusifia mtoto wake ni mtaa mkavu. Ila sifia kazi anayoifanya, si ile unayotamani angefanya. Siku msusi atakapouliza tena pua, mwonyeshe mtu wa duara na nukta mbili, umwambie anafundisha nini, halafu umdai mkasi wako.

Usingoje jioni. Mwambie asubuhi, akishakunywa chai, kabla mteja wako wa kwanza hajapiga hodi, maana ukishaanza kushona utapata visingizio mpaka jua linazama. Akikuuliza kwa nini ulifanya hivyo, hapo ndipo umweleze. Asipouliza, vuta kiti, kaa naye.