Mama Ameipenda Filamu Yako

Kaka yangu,

Huku hatujambo, Mama anakula vizuri. Filamu yako ilionyeshwa Jumamosi kwenye tamasha, katika chumba kidogo cha nyuma; nilikwenda na Mama, na viti vingi vilikaa vitupu. Waliokosa wamekosa kweli. Yule aliyeigiza Mama amemwiga sawasawa, mpaka kikohozi.

Mimi sikujiona. Umejifanya mtoto wa pekee: unamlisha, unamwogesha, unamkata kucha. Haya, filamu ni yako.

Ila Mama, anayesahau hata jina langu, filamu hajaisahau. Jana namkausha mgongo, akanishika mkono.

“Asante, nesi. Ungemwona mwanangu! Miaka yote hii ananiogesha yeye mwenyewe.”

Nikamjibu nimemwona, kwenye filamu.

Ni mimi,
dada yako